Mfuko wa Mhariri: Nani Hulipia Makala, na Mwandishi wa Kujitegemea Aombeje Kazi

Waandishi wengi wa kujitegemea wa Kiswahili huandika kwanza, kisha ndipo hutafuta pa kupeleka. Makala imeshakamilika, nauli imeshatoka mfukoni, vocha za simu zimeshakwisha, ndipo barua pepe inapotumwa kwa mhariri ambaye hakuiomba. Ikichapishwa, malipo huja mwisho wa mwezi au baadaye, kwa kiwango ambacho mwandishi hakuulizwa. Isipochapishwa, hasara yote ni yake, na hata jibu la kukataliwa huenda asilipate. Utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba wapo wanaoamini kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Sikubaliani nao. Pendekezo la makala, yaani barua fupi inayomfikia mhariri kabla kazi haijafanyika, ndicho chombo alicho nacho mtu asiye na ajira cha kugawana hasara hiyo na anayemwandikia. Na pendekezo la maana haliandikwi na mtu asiyejua fedha za mhariri zinatoka wapi, kwa kuwa mfuko ndio unaoamua mhariri anaweza kununua nini, lini, na kwa lugha gani.

Mazoea ya kuandika bila malipo yana mizizi ya zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilijaa barua na mashairi ya wasomaji kutoka kila pembe ya nchi. Waliyatuma kwa ajili ya heshima ya kusomwa na kujibiwa na washairi wenzao. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwao, na ugali wake ulitoka kwingine: aliajiriwa forodhani mwaka 1926, akakaa huko hadi 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali. Miongo mingi baadaye, magazeti pendwa ya Dar es Salaam yalipouzika kwa hadithi za mfululizo, mtunzi aliyejulikana kuliko wengi alikuwa Eric Shigongo, naye ndiye aliyekuwa mwenye kampuni ya Global Publishers iliyoyachapa magazeti hayo. Kwa hiyo Kiswahili kimewajua vizuri watunzi wa namna mbili: mwenye mshahara mahali pengine na mwenye mtambo wake. Yule wa tatu, anayelipwa kwa kila ukurasa anaouleta na kuishi kwa hilo, hajawahi kukita mizizi. Mhariri anayeshtuka akiulizwa kiwango cha malipo mara nyingi hana roho mbaya. Ofisi aliyoirithi haikuzoea kuulizwa.

Tuanze na magazeti ya kila siku, kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia. Mwananchi, Nipashe na Habari Leo kwa upande wa Tanzania, na Taifa Leo kwa Kenya, yanaishi kwa mauzo ya nakala na matangazo. Mauzo ya nakala yamepungua kadiri wasomaji walivyohamia kwenye simu. Matangazo makubwa mengi ni ya serikali na taasisi zake, na katika nchi zote mbili vyombo vya habari vimelalamika kwa miaka kuhusu madeni ya serikali yasiyolipwa kwa wakati. Mwandishi wa Songea au Kitui anayengoja malipo ya habari ya miezi miwili iliyopita yuko mwisho wa foleni hiyo hiyo: wizara haijalilipa gazeti, gazeti limelipa kwanza karatasi, umeme na mishahara, na asiye na mkataba anabaki wa mwisho. Kujua hivyo hakumwongezei senti, lakini kunambadilishia namna ya kudai. Anajua kwamba simu kwa mhariri haitoshi, kwamba jina lake lazima liwe kwenye orodha inayopelekwa uhasibu kabla mahesabu ya mwezi hayajafungwa, na kwamba ni yeye mwenyewe atakayeweka kumbukumbu ya kila kilichotoka, tarehe na ukurasa.

Ndani ya gazeti moja mifuko nayo haifanani. Kurasa za maoni karibu zote hujazwa na watu wanaoandika bure: wahadhiri, mawakili, wanaharakati, wastaafu wenye jambo la kusema. Anayelipwa hapo ni mwanasafu wa kudumu, na nafasi hiyo haiombwi kwa barua moja. Mgeni mwenye nia ya kulipwa aelekee kwenye makala za mwisho wa wiki, kurasa za afya, biashara, kilimo na elimu, na majarida ya ndani ya gazeti. Huko mhariri ana nafasi kubwa ya kujaza kila wiki na watu wachache wa kuijaza, na huko ndiko anakoweza kumtetea mwandishi wa nje mbele ya mkuu wake.

Zipo pia gharama ambazo kiwango cha malipo hakizigusi. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyeripoti kwa ajili ya Mwananchi kutoka wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, wakati wilaya hiyo ilipokumbwa na mfululizo wa mauaji. Alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Wanaoripoti kutoka vijijini na wilayani kwa kulipwa kwa habari moja moja ndio walio karibu zaidi na hatari, na ndio wenye bima na ulinzi mdogo kuliko wote. Anayependekeza habari ya ardhi, madini au usalama ana haki ya kumuuliza mhariri, kabla ya kutoka nyumbani, nani atakayempigia simu kila jioni, na barua ya utambulisho itasainiwa na nani. Nchini Tanzania Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta utaratibu wa ithibati kwa wanahabari; Kenya kadi hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari. Mtu anayekwenda kuripoti bila kitambulisho wala barua anamwachia ofisa yeyote wa wilaya nafasi ya kumfukuza.

Bahasha ya kaki lazima itajwe hapa, kwa sababu inajibu swali lile lile la nani analipa. Mwandishi anapopewa posho na aliyeitisha mkutano, mteja wake wa siku hiyo ni mwenye mkutano. Gazeti limepata habari ya bure, mwenye mkutano amepata tangazo la bei nafuu, na msomaji ameuziwa tangazo akidhani ni habari. Siwalaumu kwa wepesi wanaoipokea, kwa kuwa najua nauli ya daladala na bodaboda hutoka wapi pale gazeti lisipoilipa. Hata hivyo aliyezoea bahasha hupoteza uwezo wa kupendekeza. Anangoja kualikwa, na habari anazozipata ni zile zile walizo nazo wenzake waliokaa safu moja naye.

Mfuko wa pili ni wa redio za nje. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962, Deutsche Welle mwaka 1963, na RFI mwaka 2010 ikianzia Dar es Salaam. Idhaa hizi zimewalea waandishi wa mikoani wengi kuliko shule yoyote, kutoka Goma hadi Lamu, na kwa muda mrefu zimekuwa na sifa ya kulipa kwa utaratibu ulioandikwa. Lakini fedha zake ni za walipa kodi na walipa ada wa nchi nyingine, na maamuzi hufanyika huko. Katikati ya Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kazi za Sauti ya Amerika, na waandishi waliokuwa wakiitumia ripoti kutoka Bujumbura au Mombasa wakakosa mteja ndani ya siku chache kwa sababu isiyohusiana kabisa na ubora wa kazi yao. Mwandishi wa kujitegemea mwenye mteja mmoja mkubwa hana tofauti na mwajiriwa, ila hana kiinua mgongo.

Wa tatu ni ruzuku, na hapa ndipo penye fedha nzuri zaidi na masharti mazito zaidi. Pulitzer Center ya Marekani imewalipia waandishi wa Bonde la Kongo kuripoti misitu. Earth Journalism Network, iliyo chini ya shirika la Internews, hutoa ruzuku za habari za mazingira. InfoNile, iliyoanzishwa 2017, huwaunganisha waandishi wa nchi za bonde la Mto Nile. Tanzania ilikuwa na mfuko wake wa vyombo vya habari, TMF, ulioanza 2008 na kuwalipia waandishi binafsi habari za uchunguzi. Ruzuku hulipa vitu ambavyo gazeti halivilipi: nauli, malazi, mkalimani, siku za kusubiri. Mwombaji lazima alete bajeti yenye mistari inayoeleweka, barua kutoka kwa mhariri anayeahidi kuchapisha, na maelezo ya usalama. Hapo waandishi wetu wengi huanguka, na kinachowaangusha zaidi ni bajeti, kwa sababu waliizoea kazi ambayo gharama zake hazihesabiwi. Anayeandika "usafiri" na tarakimu moja mbele yake hushindwa na aliyeandika basi la Kigoma kwenda na kurudi, boti ya siku mbili, na chumba cha usiku tatu.

Ruzuku nazo zina mwelekeo wake. Mfadhili wa tabianchi atalipia tabianchi. Wa afya ya uzazi atalipia hiyo. Mambo mengine makubwa ya maisha yetu, kama mikopo ya mtandaoni, mirathi au michezo ya kubahatisha, hayana mfadhili wa kudumu, na kwa hiyo hayaandikwi kwa kina ingawa wasomaji wanayaishi. Fedha hizi pia hukauka ghafla. Internews lilikuwa likitegemea sana serikali ya Marekani, na shirika lake la misaada, USAID, lilipofungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025 miradi mingi ya uandishi Afrika Mashariki ilikuwa imeshakatika katikati ya kazi.

Majarida ya Kiafrika yanayoandika Kiingereza ni mlango mwingine kwa anayeimudu lugha hiyo. The Continent, lililoanza Afrika Kusini Aprili 2020 na kusambazwa kwa WhatsApp, hutaka habari fupi zenye mashiko kutoka mahali mahususi. The Elephant la Nairobi na Africa Is a Country hutaka hoja ndefu zaidi. Nafuu ya mwandishi wa Kiswahili mbele ya wahariri hawa ni kwamba anasikia yanayosemwa sokoni, msikitini, kwenye vikao vya vikoba na kwenye bunge linalojadiliana kwa Kiswahili, bila mkalimani. Mara nyingi nafuu hiyo imeuzwa kwa bei ya kutupa: mwandishi wa Tanga au Uvira humwongoza mgeni aliyetumwa na chombo kikubwa, hutafuta wahojiwa, hutafsiri, hulipwa posho ya siku, na makala hutoka kwa jina la mgeni. Aliyefanya hivyo mara moja anajua kwamba wazo, wahojiwa na lugha vilikuwa vyake. Kinachobaki ni kuandika barua ya pendekezo yeye mwenyewe, au walau kudai jina lake liandikwe chini ya la mgeni kabla hajakubali kazi.

Sasa barua yenyewe. Kosa linalojirudia ni kupendekeza mada badala ya habari. "Ningependa kuandika kuhusu changamoto za wavuvi wa Ziwa Tanganyika" ni mada. Mhariri hawezi kuinunua kwa sababu haioni; hajui itakuwa na nani ndani yake, itasema nini kipya, wala kwa nini itoke wiki hii. Nitumie jambo lililotokea kweli. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazopakana na ziwa hilo, ili samaki wapate kuzaliana. Huu ni mfano nilioutunga wa barua ambayo mwandishi wa Kigoma angeweza kuituma mwezi Juni mwaka huo:

"Ndugu Mhariri,

Ziwa Tanganyika limefungwa tangu 15 Mei na litafunguliwa 15 Agosti. Napendekeza makala ya maneno 1,200 kuhusu wanawake wa mwalo wa Kibirizi wanaonunua dagaa wabichi, kuwaanika na kuwauza. Hawana mitumbwi na hawahesabiwi kuwa wavuvi, lakini marejesho ya mikopo yao ya vikundi yanadaiwa kila wiki, ziwa liwe wazi au limefungwa. Swali ninalotaka kulijibu ni hili: marejesho ya miezi hii mitatu yanatoka wapi?

Wanawake watatu wa kikundi kimoja wamekubali kunionyesha madaftari yao. Nitamhoji ofisa uvuvi, mkopeshaji mmoja, na mfanyabiashara anayenunua dagaa kwa jumla. Naishi Ujiji, kwa hiyo sitahitaji nauli ya kutoka Dar es Salaam. Picha nitapiga mwenyewe. Naweza kuileta makala tarehe 20 Julai, ili itoke kabla ziwa halijafunguliwa.

Chini nimeweka viungo vya makala zangu mbili. Naomba kujua kiwango chenu cha malipo ya makala na picha kabla sijaanza kazi. Nikipata jibu ndani ya siku kumi nitashukuru. Baada ya hapo nitaipeleka kwingine.

Wako katika kazi,"

Barua hii inamalizika kusomwa kabla chai haijapoa, na kila sentensi inajibu shaka ya mhariri. Tarehe za kufungwa zinampa sababu ya kuitoa sasa. Daftari la marejesho linamwambia kwamba kuna ushahidi, siyo masimulizi matupu. Orodha ya wahojiwa inamtuliza kwamba upande wa pili utasikika. Makazi ya mwandishi yanampunguzia gharama. Sentensi ya malipo imewekwa mwishoni, kwa adabu, na bila kuomba radhi. Wapo watakaosema sentensi hiyo itamfukuza mhariri. Mhariri anayefukuzwa nayo hakuwa na nia ya kulipa, na ni heri hilo lijulikane Juni kuliko Septemba.

Angalia pia kisichokuwemo. Hakuna salamu ndefu, hakuna wasifu wa elimu tangu shule ya msingi, hakuna kumsifu mhariri, hakuna sentensi inayosema mwandishi ana shauku kubwa ya kuandika. Adabu ya Kiswahili inataka salamu, na uso kwa uso ningeitaka pia. Kwenye barua pepe ya kazi, "Ndugu Mhariri" imeshabeba heshima yote inayotakiwa.

Jambo hilo hilo la Kibirizi linaweza kwenda kwa wahariri wengine, mradi lizungushwe upya. Mtayarishaji wa redio ya nje ana wasikilizaji Bujumbura, Uvira na Kalemie. Yeye atauliza bei ya dagaa imefika wapi upande wa pili wa ziwa, na atataka sauti: muuzaji sokoni, mama mwenye kichanja kitupu. Mhariri wa mazingira atauliza kama samaki wamerudi, kwa hiyo makala yake inabidi ingoje hadi nyavu za kwanza zirudi majini na mtafiti wa uvuvi azungumze. Anayetaka kuomba kwa InfoNile aangalie ramani kwanza, kwani maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kwa Mto Lukuga kuelekea Kongo, siyo Nile. Kumpelekea mhariri jambo lililo nje ya eneo lake ni kumwambia kwamba hukusoma anachochapisha. Kwa mtindo huu safari moja ya mwaloni inazaa kazi tatu, na ndipo hesabu ya mwandishi wa kujitegemea inapoanza kukaa sawa. Makala moja kwa safari moja hailipi karibu popote katika ukanda huu.

Kuhusu kufuatilia, wiki moja inatosha kwa jambo lenye tarehe, wiki mbili au tatu kwa lisilo na haraka. Ujumbe wa kukumbushia uwe mmoja, wa mistari miwili. Baada ya hapo mwandishi aondoe pendekezo lake kwa maandishi na kulipeleka kwingine. Kupeleka makala moja kwa magazeti mawili kwa siri, kisha yote yakaitoa Jumapili moja, ni kosa ambalo wahariri hulikumbuka kwa miaka, na Dar es Salaam na Nairobi ni miji midogo kwa mambo hayo.

Mhariri akisema ndiyo, kazi ya maneno haijaanza bado, kuna makubaliano. Yaandikwe, hata kama ni kwenye WhatsApp: urefu, tarehe, kiasi, siku ya malipo, nani analipia picha, na kitakachotokea makala ikikubaliwa kisha isitoke. Hilo la mwisho wengi hawaliulizi. Majarida mengi ya nje hulipa sehemu ya kiasi kilichokubaliwa makala ikifutwa bila kosa la mwandishi, na hakuna sababu ya mwandishi wa Kiswahili kutoliomba.

Haki ya kazi nayo inahitaji macho, hasa Kenya. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu mwingine hakimiliki yake huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Maana yake, mwandishi wa Nakuru aliyeagizwa makala kwa ujumbe wa simu, bila neno lolote kuhusu haki, huenda amekwisha kuitoa makala hiyo moja kwa moja, pamoja na nafasi ya kuikusanya baadaye katika kitabu. Sentensi moja inatosha kuzuia hilo: kwamba gazeti linapewa haki ya kuchapisha kwanza, na haki nyingine zinabaki kwa mwandishi.

Kodi nitaipita haraka. Tanzania na Kenya zote hukata zuio la asilimia 5 kwenye malipo ya huduma za kitaalamu kwa mkazi, Kenya ikianzia malipo ya shilingi 24,000 kwa mwezi, na mwandishi adai hati ya makato kwa sababu fedha hiyo huhesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka. Tangu Januari 2024 kampuni za Kenya zinahitaji ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS ili gharama zao zikubalike na mamlaka ya kodi, hivyo asiyeweza kuitoa anaweza kucheleweshewa malipo hata mhariri akiwa mwema kiasi gani.

Nje ya magazeti kuna kazi ambazo hazina jina la mwandishi na mara nyingi hulipa zaidi: kutafsiri, kuandika taarifa za mashirika, maneno ya filamu na matangazo, vitabu vya ziada vya shule, hotuba. Sioni aibu ndani yake. Mwandishi anayetafsiri mwongozo wa chanjo Jumatatu ili aweze kwenda mwaloni Alhamisi anafanya alichofanya Shaaban Robert na forodha yake. Mpaka ninaouona uko kwenye kazi moja ambayo imewavuta maelfu ya vijana wa Kenya wenye shahada na wasio na ajira: kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na tasnifu za chuo. England imefanya kuwa kosa kutoa au kutangaza huduma hiyo kwa sheria ya mwaka 2022, na programu za akili bandia za kuandika zilizoenea tangu mwisho wa 2022 zimeipunguza bei yake. Ninachokihuzunikia ni kipaji. Kuna watu Nairobi na Eldoret walioandika kurasa elfu kadhaa kuhusu uuguzi, uchumi na falsafa, kwa usahihi uliowapatia wengine shahada, na hawawezi kumwonyesha mhariri hata ukurasa mmoja kuwa ni wao. Wanapotaka kutoka, wanaanza kama wageni. Kwa mtu wa namna hiyo ushauri wangu ni kuanza na jarida dogo lenye mhariri makini, kwa kiwango kidogo, hadi apate makala tatu zenye jina lake, kisha ndipo apande.

Tuzo nazo watu huziweka katika hesabu ya kipato, jambo lisilo sahihi. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na ambayo sasa inajulikana kwa jina la Safal, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, zimefanya jambo kubwa: zimeweka fedha halisi na ahadi ya kuchapishwa mbele ya mswada wa Kiswahili. Ila mswada huandikwa mwaka mzima na washindi huwa wachache. Tuzo humpa mwandishi jina, na jina hilo lina thamani pale tu atakapolitumia kufungua barua yake inayofuata kwa mhariri.

Wapo wanaosema shida yote hii itaondoka Kiswahili kikizidi kutambuliwa. UNESCO imekipa siku yake, 7 Julai, na Umoja wa Afrika umekipokea kuwa lugha ya kazi tangu 2022. Nafurahia yote mawili, lakini hayajabadilisha utaratibu wa malipo wa gazeti lolote. Kinachoweza kuubadilisha ni kidogo zaidi na kiko mikononi mwa wahariri. Majarida kadhaa ya nje huweka hadharani ukurasa unaomwambia mwandishi wanataka nini na wanalipa kiasi gani. Magazeti ya Kiswahili yanaweza kuchapisha ukurasa wa namna hiyo mara moja kwa mwaka, na gharama yake ni robo ukurasa: anwani ya dawati la makala na jina la anayelisimamia, urefu unaotakiwa, mambo yasiyohitajika, muda wa kungoja jibu, kiwango cha chini kwa makala na kwa picha, na tarehe ya mwezi ambayo uhasibu hulipa. Mhariri wa kwanza atakayefanya hivyo atapokea barua nyingi mbovu kwa miezi michache. Ndani yake atampata mtu wa Kibirizi mwenye daftari la marejesho, ambaye leo hajui amwandikie nani.